Nyuma ya Pazia la Mvua

Msomaji mwenzangu, kabla sijakupeleka Los Angeles, naomba nikupitishe kwanza Buguruni, maana ndiko kisa changu kilikoanzia.

Mwaka jana nilipeleka muswada wa riwaya yangu kwa mchapishaji mmoja hapa mjini. Jina lake tuliache. Muswada wenyewe niliuandika kwa mkono kwenye kaunta buku sita, kisha nikaupiga chapa kidogo kidogo kwenye kiduka cha stationari, kila nikipata hela kurasa kumi, nikikosa natulia. Baada ya miezi mitano nikaitwa. Mhariri, mama mmoja mpole mwenye miwani, akanipa kiti.

"Mdogo wangu," akasema, "una kipaji, hilo sibishani nalo. Ila huu mwisho, hapana. Huyu binti anakufaje hivihivi? Watu watalia halafu hawatanunua. Mrudishe, waoane na yule kijana, nami nitausukuma mbele."

"Sawa, dada. Nitaangalia."

Nikatoka pale kama kuku aliyenyeshewa. Jioni nikaenda zangu kwa mshikaji mmoja anayejaza watu sinema kwenye flashi. Aliponiona nilivyonuna akacheka. "Mwandishi, leo nakupa kitu cha watu wanaofikiri," akasema, akaniwekea sinema ya zamani iitwayo Blade Runner. Kumbe kwa bahati alikuwa ameniwekea mara mbili: ile iliyotoka 1982 na ile ya 2007. Nikaziangalia zote usiku huohuo. Msomaji, nilishika kichwa. Sinema ni ileile, watu walewale, mvua ileile, lakini miisho miwili! Katika moja wapenzi wanaondoka mjini wakipita kwenye milima ya kijani huku jua likiwaka. Katika nyingine mlango wa lifti unafungwa, giza, basi.

Nikajiuliza: nani kaubadilisha mwisho huu, na kwa nini? Tangu siku ile nimesoma kila nilichokipata juu ya sinema hii. Haya ninayokusimulia ndiyo yaliyokuwa nyuma ya pazia lake.

Tuanze na mwenye mali. Philip K. Dick alikuwa mwandishi Mmarekani aliyeandika haraka na kwa wingi, na miaka mingi ya maisha yake ilikuwa ya kubangaiza. Mwaka 1968 alitoa riwaya yenye jina refu la ajabu, Do Androids Dream of Electric Sheep?, yaani mtu wa bandia akilala, je, huota kondoo wa umeme? Inamhusu Rick Deckard, mtu anayelipwa kuwasaka na kuwaua watu wa bandia waliotoroka, ambao kwa sura huwezi kuwatofautisha na sisi. Wazo hilo Dick hakulitoa angani. Alisimulia kwamba alipokuwa anafanya utafiti wa riwaya nyingine alisoma kumbukumbu za askari wa Kinazi waliokuwa Poland, na mmoja wao alilalamika kuwa vilio vya watoto wenye njaa vinamnyima usingizi. Dick akashangaa: huyu ana mikono, ana macho, anaandika vizuri, lakini je, ni mtu? Hapo ndipo riwaya ilipoota.

Kitabuni mji ni San Francisco na mwaka ni 1992. Sinema ikahamishia kila kitu Los Angeles, Novemba 2019.

Aliyeanza kuandika maandishi ya sinema hii kutokana na riwaya hiyo alikuwa Hampton Fancher, mwigizaji aliyegeuka mwandishi. Aliandika kwa kubana matumizi, karibu mambo yote yakitokea ndani ya vyumba. Ridley Scott, Mwingereza aliyekuwa ameshika jina kwa sinema ya Alien ya 1979, alipokubali kuiongoza, alimuuliza Fancher swali moja tu: nje ya dirisha kuna nini? Fancher hakuwa na jibu. Nilipolisoma swali hilo nikafungua muswada wangu kuangalia madirisha yangu. Ukweli ni kwamba nje ya mengi hakukuwa na kitu. Binti wangu anakaa Buguruni, lakini sikuandika hata mara moja muungurumo wa treni.

Scott alitaka mabadiliko mengi, Fancher akawa mgumu, mwishowe akaletwa mwandishi mwingine, David Peoples. Fancher iliuma sana. Lakini tumtendee haki Peoples, alileta jambo. Hawakutaka neno lililozoeleka la mtu wa bandia, kwa kuwa watazamaji wangecheka. Binti yake Peoples alikuwa anasomea mambo ya viumbe hai, akamweleza jinsi chembe zinavyojizalisha kwa kujinakili. Kutokana na mazungumzo hayo likazaliwa neno "replicant", yaani nakala ya mtu. Kwa Kiswahili nitawaita replikanti.

Na jina la sinema? Hilo nalo liliokotwa. Alan E. Nourse, mwandishi aliyekuwa pia daktari, alitoa mwaka 1974 riwaya iitwayo The Bladerunner kuhusu watu wanaosafirisha kwa magendo visu vya upasuaji na vifaa vya hospitali. Baadaye William Burroughs akaandika kijitabu juu ya hadithi hiyo. Fancher alikiona, jina likampendeza Scott, zikanunuliwa haki za jina. Kwa hiyo ndani ya sinema nzima hakuna anayekimbia na kisu chochote. Jina limebaki kwa sababu linasikika vizuri masikioni, basi.

Sasa hela. Kampuni iliyokuwa iwalipie ilijitoa zikiwa zimebaki siku chache tu kabla ya kuanza, wakati mafundi wameshaajiriwa. Mtayarishaji Michael Deeley akahangaika huku na huko hadi akakusanya zaidi ya dola milioni 20 kutoka sehemu tatu. Mmoja wa waliotoa alikuwa Run Run Shaw wa Hong Kong, ndiyo, yuleyule wa Shaw Brothers, wenye sinema za kung fu ambazo baba zetu walizipangia foleni ujanani. Watoaji wengine, kampuni ya Tandem, wakaweka sharti: matumizi yakizidi kiwango tulichokubaliana, sinema inakuwa mikononi mwetu. Msomaji, lishike sharti hilo. Tutalirudia.

Upigaji picha ulianza Machi 1981. Ule mji wa kutisha unaouona, wenye watu kama siafu, moshi na taa za neoni, ni barabara ya kuigizia iliyojengwa mwaka 1929 katika uwanja wa Warner Bros. kule Burbank. Ilikuwa imeshatumika katika sinema chungu nzima. Wapambaji wakaivika mabomba, nyaya, mashine na matangazo juu ya kuta za zamani, kwa wazo kwamba mji wa kesho haujengwi upya. Unaviraka mji wa jana. Mafundi wakaubatiza mji huo Ridleyville, kijiji cha Ridley. Na kwa nini ni usiku siku zote, na mvua haikatiki? Ipo sababu ya kisanii, lakini ipo na ya kijanja: mvua, moshi na giza vilificha kuwa pale ni uwanja wa studio wenye milima inayoonekana kwa nyuma. Ama kweli, umaskini wa mahali ukawa ndio uzuri wa sinema.

Mchoraji Syd Mead aliitwa achore magari tu, maana ndiyo ilikuwa kazi yake. Lakini Mead hakuweza kuchora gari likielea peke yake kwenye karatasi tupu. Nyuma ya kila gari alichora barabara, watu, nguzo, majengo. Scott alipoziona michoro hiyo akasema hii ndiyo sinema yangu. Mtu wa magari akawa mtu wa mji mzima.

Majengo makubwa yenye kutema moto mwanzoni ni vitu vidogo vya mezani, vilivyopangwa kwa ujanja ili vya mbele viwe vikubwa na vya nyuma vionekane viko maili nyingi. Mkuu wa kazi hiyo alikuwa Douglas Trumbull, fundi aliyefanya pia 2001: A Space Odyssey. Kompyuta hazikuchora kitu. Walipitisha filamu ileile kwenye kamera mara nyingi, kila mara wakiongeza kitu: mara moshi, mara taa, mara gari linaloruka. Vitu vya kujazia mji vilipopungua, fundi mmoja alileta mfano wa chombo cha Millennium Falcon cha Star Wars aliokuwa anautengeneza mwenyewe. Wakausimamisha, wakauvika taa, ukawa ghorofa! Mpaka leo umesimama pale, ukijua pa kutazama.

Macho ya replikanti, yale yanayong'aa kama ya paka, nayo ni kazi ya mkono. Mpiga picha mkuu Jordan Cronenweth aliweka mbele ya kamera kioo chembamba kinachopitisha nusu ya mwanga, akakiinamisha, akakimulika kwa taa ndogo. Mwanga ukarudi machoni mwa mwigizaji. Na yule nyoka wa Zhora? Hawakumkodi. Joanna Cassidy, aliyeigiza Zhora, alimfuga mwenyewe, kwa hiyo ukiona amemvaa shingoni bila woga, usishangae. Daryl Hannah hakuwa na bahati hiyo. Katika tukio la kukimbia aliteleza kwenye maji, kiwiko kikapiga kioo cha gari kikakivunja. Kioo kilikuwa cha kweli, na kiwiko kiliumia kweli. Picha hiyo wakaiacha ndani.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ni ya Edward James Olmos, aliyeigiza askari Gaff. Alijiuliza: mji wenye watu wa kila taifa, mitaani wanaongea nini? Akatunga lugha ya mitaa, akachanganya Kihungari, Kijapani, Kijerumani, Kifaransa na nyinginezo, kisha akaisema kama mtu aliyeizaliwa. Kwetu sisi si jambo la ajabu. Simama stendi ya daladala asubuhi moja tu. Lakini Olmos alikaa chini akajifunza maneno hayo kwanza, wakati baadhi yetu tukiandika mazungumzo ya mitaani tunabandika maneno mawili ya kihuni, tunadhani tumemaliza.

Usidhani watu wale walipendana. Scott alizoea Uingereza, na huku Marekani kila kitu kilikuwa na sheria za vyama vya wafanyakazi. Hata kamera hakuruhusiwa kuishika mwenyewe. Akarudia picha mara nyingi, usiku baada ya usiku, watu wakiwa wamelowa na kuvuta moshi. Siku moja gazeti la Uingereza likamnukuu akisema anapendelea mafundi wa kwao, maana ukiwaambia jambo wanaitika "ndiyo mkuu" na kulifanya. Gazeti likafika Burbank. Kesho yake mafundi wakaja wamevaa fulana zilizochapwa maneno ya kumkebehi, ya aina ambayo mhariri hatanipitishia hapa. Scott naye akatokea na fulana yake, ya kuwasuta wanaochukia wageni. Wakatazamana, wakacheka. Kazi ikaendelea, ingawa moyoni si wote waliosamehe.

Usiku wa mwisho ulikuwa Julai 1981. Muda na pesa vimekwisha, wenye hela wamesimama pembeni wanaangalia saa. Ilibaki picha ya juu ya paa, pale Roy Batty, kiongozi wa replikanti, anapookoa maisha ya mtu aliyekuja kumuua, kisha anakaa chini kusubiri muda wake uishe. Roy aliigizwa na Rutger Hauer, Mholanzi. Maneno ya kufa aliyopewa aliyaona marefu mno. Akawaza: betri imekwisha, huyu atapata wapi pumzi ya kuhutubia? Usiku wa kuamkia picha hiyo akakata sehemu kubwa, akabakiza mistari michache, na mwishoni akaongeza sentensi moja fupi ya kwake. Alipoisema, wapo mafundi waliotoa machozi, hao hao wa fulana. Kulikuwa kunapambazuka. Njiwa aliyekuwa mkononi mwa Hauer alitakiwa aruke mbinguni, lakini alikuwa ameloa chapachapa, akashuka akatembea zake kwa miguu! Picha ya njiwa anayeruka ikabidi ipigwe baadaye, mahali pengine, ndiyo maana katika sinema ya 1982 anga lake ni safi wakati kila mahali kunanyesha. Mwaka 2007 ndipo anga hilo liliporekebishwa.

Baada ya hapo, lile sharti. Matumizi yalikuwa yamezidi, hivyo Tandem wakawa na nguvu ya mwisho. Machi 1982 sinema ilionyeshwa kwa majaribio katika miji ya Denver na Dallas, watu wakatoka wamechanganyikiwa na wamenuna. Wenye hela wakaogopa. Wakaagiza mambo mawili. La kwanza, Harrison Ford, aliyeigiza Deckard, asimulie kwa sauti kinachoendelea. Ford hakulipenda kabisa, alisoma kwa sababu mkataba ulimbana, na ukisikiliza utaisikia sauti ya mtu aliyechoka. La pili, mwisho uwe wa furaha. Lakini mji wao ulikuwa wa giza na mvua, milima ya kijani waipate wapi? Scott akampigia Stanley Kubrick, ambaye kwa ajili ya mwanzo wa The Shining ya 1980 alikuwa amepiga picha nyingi sana za milima kwa helikopta. Kubrick akawapa mabaki. Kwa hiyo wale wapenzi wawili wanaokimbilia furaha wanapita katika mabaki ya sinema ya kutisha ya mtu mwingine!

Na furaha hiyo ya kubandika ilileta hela? Wapi! Sinema ilitoka tarehe 25 Juni 1982, wiki mbili baada ya E.T., na Marekani nzima ilikuwa inamlilia yule mgeni mdogo wa angani. Blade Runner haikurudisha gharama zake kwenye majumba ya sinema.

Iliokolewa na ajali. Mwaka 1990 jumba moja la Los Angeles lilipelekewa nakala ya zamani ya majaribio, isiyo na milima na karibu haina yale masimulizi. Watu wakaiona, habari zikaenea, ilipoonyeshwa tena foleni zikazunguka mtaa. Mwaka 1992 likatolewa toleo bila masimulizi wala milima. Mwaka 1993 Maktaba ya Bunge la Marekani ikaiingiza katika orodha ya sinema za kuhifadhiwa. Mwaka 2007 Scott akatoa toleo lake la mwisho, lile ambalo mshikaji alinitilia kwenye flashi.

Na mwenye mali je? Dick mwanzoni aliponda maandishi ya Fancher hadharani. Baadaye aliombwa aandike kitabu kipya chepesi kifuatacho sinema, kwa hela nyingi kuliko alizozoea, na riwaya yake ya 1968 iwekwe pembeni. Akakataa. Riwaya yake ikachapwa tena kama ilivyo. Kisha wakamwita wakamwonyesha kama dakika ishirini za picha za mji ule. Mzee alishangaa, akasema ni kama waliingia kichwani mwake. Sinema nzima hakuiona. Alifariki tarehe 2 Machi 1982, akiwa na miaka 53, miezi mitatu na ushee kabla haijatoka.

Mwaka 2019 nao umeshapita. Magari hayaruki. Kwenye sinema Deckard anampigia msichana simu ya picha kutoka kibanda cha kulipia, kwani hakuna aliyewaza kwamba simu ingeingia mfukoni. Tangazo kubwa la shirika la ndege la Pan Am linawaka juu ya mji, na shirika lenyewe lilikufa mwaka 1991. Lakini hili litakusisimua: Roy Batty anakufa mwaka 2019, na Rutger Hauer mwenyewe alifariki Julai 2019.

Sasa nirudi kwenye kaunta buku zangu. Nilitaka kukuambia kwamba fundisho ni kutokubali mtu aguse kazi yako, lakini ningekuwa mwongo. Hauer aliigusa, ikapona. Olmos aliigusa, Mead pia, hata binti wa Peoples. Wote hawa waliiuliza hadithi yenyewe inataka nini. Wale wa milima waliliuliza kasha la hela, na kasha lenyewe likawadanganya.

Halafu kuna kosa moja la hesabu. Katika sinema ya 1982 mkuu wa polisi anasema replikanti sita wametoroka na mmoja ameshakufa. Sita toa mmoja, watano. Lakini tunaowaona ni wanne! Wa tano aliondolewa ili kupunguza gharama, na maneno yakasahauliwa. Nilipolisoma hilo nikaenda mbio kwenye muswada wangu, nikakuta binti wangu ana kaka anayeingia sura ya tatu kuchukua ndoo, na harudi tena hadi kitabu kinaisha.

Nimemtoa kaka. Nimekata kurasa ishirini na mbili za maneno matupu. Nimeweka treni nje ya dirisha. Binti anakufa bado. Jumatatu iliyopita niliupeleka tena kwa yule mama, akapima uzito wake kwa mkono, akaniuliza, "Wameoana?"

"Hapana, dada. Ila soma kuanzia sura ya tatu."

Akavua miwani, akanitazama, kisha akauweka muswada kwenye mkoba wake, si kwenye lile rundo la sakafuni. Bado nasubiri.